Kamera na Wanaotazamwa: Tarehe ya Picha Zinazokwenda Katika Utafiti wa Jamii

Katika mwaka 1895, miezi michache kabla ya ndugu Lumière kuwaonyesha watu wa Paris sinema yao ya kwanza ya kulipia kiingilio, tabibu wa Kifaransa aitwaye Félix-Louis Regnault alikwenda kwenye maonyesho ya mambo ya Afrika ya Magharibi yaliyokuwa yamefunguliwa katika mji huo, akauelekeza mtambo wake kwa mwanamke wa Kiwolofu aliyekuwa akifinyanga chungu, na akazichukua harakati za mwili wake moja baada ya moja, ili baadaye aweze kuzitazama kwa utulivu na kuzilinganisha na harakati za wafinyanzi wa mataifa mengine. Wanaoandika tarehe ya taaluma hii aghalabu huanzia hapo, nami sioni sababu ya kuanzia penginepo, kwani katika tukio lile dogo yamo karibu mambo yote yatakayotushughulisha: yumo mtaalamu mwenye swali lake, upo mtambo unaosifiwa kwa uaminifu wake, na yumo mtu anayefanya kazi yake ilhali anatazamwa. Picha ile haikuwa na sauti. Mfinyanzi yule, ambaye bila shaka aliijua kazi yake kuliko wote waliomzunguka, hakuwa na njia ya kuueleza udongo wake, wala chungu chake kilikuwa cha nini, kwa mtu yeyote atakayemtazama baada ya siku ile.

Miaka 3 baadaye, Alfred Cort Haddon wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliuongoza msafara wa maulamaa kwenda visiwa vya mlango-bahari wa Torres, baina ya Australia na Guinea Mpya, akachukua, pamoja na vyombo vya kupimia nguvu za macho na masikio na mitambo ya kunasia sauti katika nta, kamera ya picha zinazokwenda. Joto na unyevu viliisumbua kamera ile, na kilichosalia leo ni dakika 4 hivi za picha, walakini dakika hizo zina mengi ya kutufunza. Miongoni mwake imo ngoma ya Malo-Bomai ya kisiwa cha Mer, ibada ambayo wakati ule ilikuwa imekwisha kuachwa kwa nguvu ya mahubiri ya wamisionari, na barakoa zake za asili hazikuwapo tena. Haddon akaomba zitengenezwe upya, zikatengenezwa kwa karatasi ngumu, na wanaume wa kisiwa wakacheza mbele ya kamera kile ambacho walikuwa wamekiweka kando. Haddon alimhimiza kwa barua mwenzake Baldwin Spencer, aliyekuwa Australia, asisafiri bila ya mtambo kama ule, na mwaka 1901 Spencer, akiwa pamoja na Francis Gillen, akazipiga picha ibada za Waarrernte katikati ya bara lile, ibada ambazo miongoni mwa wenyewe hazikuruhusiwa kutazamwa na kila mtu. Ndiyo maana hivi leo, baada ya karne na zaidi, sehemu ya picha hizo imewekwa chini ya kufuli, haionyeshwi hadharani.

Imani iliyowaongoza wataalamu hao wa mwanzo ilikuwa njema, na hatuna budi kuitendea insafu. Walikuwa wamechoshwa na habari za wasafiri na mabaharia, ambao kila mmoja alisimulia alichotaka kusimulia, wakaona kwamba kimepatikana hatimaye shahidi asiyesahau wala asiyetia chumvi, shahidi anayeweza kuhojiwa mara mia na kila mara akatoa ushahidi uleule. Kosa lao, kwa maoni yangu, halikuwa katika kuiamini kamera, bali katika kudhani kwamba shahidi wa namna hiyo anaweza kusikilizwa bila ya kumwita mwenye shauri, yaani yule mtu aliyemo ndani ya picha. Karne nzima iliyofuata, ukiitazama vizuri, ilitumika katika kulijua kosa hilo na kulisahihisha, polepole, na si kwa wote.

Kazi kubwa kupita zote za nusu ya kwanza ya karne iliyopita ilifanywa Bali. Margaret Mead wa Marekani na Gregory Bateson wa Uingereza walioana Singapore mwaka 1936, wakiwa safarini kuelekea kisiwa hicho, na wakaweka makao yao katika kijiji cha milimani kiitwacho Bayung Gede, wakiwa na azma ya kuchunguza jinsi mtoto wa Kibali anavyolelewa mpaka akawa mtu mzima mwenye tabia za Kibali. Walikuwa wamekadiria kupiga picha za kawaida 2,000 kwa muda wote wa utafiti, hesabu iliyoonekana kubwa kwa desturi za siku zile. Lakini baada ya muda si mrefu wakagundua kwamba tendo moja tu la mama na mtoto, likifuatwa hatua kwa hatua, linaweza kumaliza mikanda kadhaa ya filamu katika saa isiyotimia. Hapo wakasimama kushauriana, kwa kuwa walijua kwamba kuendelea kwa mwendo ule ni kuibadilisha kazi yote pamoja na gharama zake, na wakakata shauri kuendelea. Bateson akaagiza filamu kwa wingi ili aikate mwenyewe, na vyombo vya kuisafishia hukohuko kijijini, na waliporejea makwao walikuwa na picha za kawaida 25,000 na futi 22,000 za filamu ya milimita 16.

Wingi huo ndio unaosifiwa vitabuni, lakini mimi naona fahari ya kazi ile iko mahali pengine, penye daftari. Wakati Bateson alipokuwa nyuma ya kamera, Mead alikuwa kando akiandika kila kilichotokea na saa kilipotokea, na katibu wao, kijana msomi wa Kibali I Made Kaler, alikuwa akiandika kwa Kibali maneno yaliyosemwa. Kisha maandishi na picha zikaoanishwa kwa saa, hata mtu akiiona picha ya mtoto anayelia aweze kuifungua karatasi na kusoma ni nani aliyemliza, kwa neno gani, na nini kilitangulia. Mtafiti yeyote aliyewahi kurudi mjini na masaa ya picha asizoweza kuzisoma, kwa sababu hakuandika chochote akidhani kamera imemwandikia, ataelewa thamani ya daftari lile. Kitabu chao juu ya tabia za Wabali, kilichotoka mwaka 1942, kilikuwa na picha 759 zilizopangwa katika kurasa 100, kila ukurasa ukijenga hoja yake kwa picha zinazofuatana, na mpaka leo ni vichache vilivyokifikia kwa ustadi wa mpango.

Hata hivyo kazi hiyo nayo ilikuwa na mahali ilipopungua. Filamu yao mashuhuri ya ngoma ya wanaopandwa na mashetani na kujielekezea majambia vifuani, iliyotolewa mwaka 1952, inaonyesha ngoma ambayo kwa kawaida huchezwa usiku. Lakini kamera ya siku zile haikuweza kuona gizani, wakailipia ichezwe mchana, na wenyeji walioishughulikia wakawaweka wanawake vijana mahali pa wanawake wazee wa siku zote. Mead mwenyewe aliyaeleza hayo baadaye, na kwa hilo anastahiki heshima. Lakini mwenye kuitazama filamu bila ya kuyajua ataondoka na yakini juu ya jambo ambalo kamera ndiyo iliyolileta. Zaidi ya hapo, hoja waliyoitoa katika picha za mama na mtoto, kwamba mama wa Kibali humchochea mtoto hisia na kisha humwacha nazo bila ya kumkamilishia, na kwamba kutoka hapo hutoka mtu mzima aliyejitenga na wenzake, ilikaa nusu karne ikisomwa katika vyuo vikuu mpaka mwaka 1992, alipotokea tabibu wa akili aliyezaliwa Bali kwenyewe, Luh Ketut Suryani, akiandika pamoja na Mmarekani Gordon Jensen, akaipitia upya na kuikataa. Picha zilikuwa zilezile. Aliyezisoma ndiye aliyekuwa mwingine.

Uzeeni mwao, wakiwa wamekwisha kuachana zamani, Mead na Bateson walibishana juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Mead alishikilia kwamba kamera isimamishwe mahali pamoja iachwe itazame bila ya kuingiliwa, ili wataalamu watakaokuja waweze kuitumia picha kwa maswali yao wenyewe. Bateson alijibu kwamba kamera iliyosimamishwa na kuachwa haioni lolote la maana, kwa kuwa maana hufuatwa na mtu anayeijua inakoelekea. Nimewasikia wasomi wakisema kwamba mmoja alikuwa upande wa elimu na mwingine upande wa sanaa. Sikubali. Kila mmoja alikuwa na haki nusu, na nusu iliyobaki haikuwa kwake yeyote kati yao: hakuna aliyeuliza, katika mabishano yale, ni wapi Wabali wenyewe wangeisimamisha kamera.

Katika miaka ileile ya Bali, hapa kwetu Tanganyika, palikuwa na jaribio la namna nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha wenyeji mambo kama kuweka fedha katika benki ya posta na kuzitunza ngozi za wanyama, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York, zikasafirishwa kwa lori na kuonyeshwa usiku Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikisindikizwa na maelezo kwa lugha za wenyeji yaliyotiwa katika santuri. Nalitaja jaribio hili, ijapokuwa kusudi lake lilikuwa kufundisha na si kuchunguza, kwa sababu waliosafiri nalo waliwatazama watazamaji kwa bidii, wakiandika ni wapi watu walicheka na ni wapi walinyamaza, na kitabu chao cha mwaka 1937 ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo juu ya Mwafrika mbele ya sinema. Waafrika walicheza katika filamu zile na walifanya kazi katika utengenezaji wake. Lakini nini kifundishwe, na maisha gani yaonyeshwe kuwa ndiyo maisha mema, hayo yaliamuliwa na wengine.

Mageuzi yenyewe yalitokea katika kijiji cha wavuvi kando ya mto Niger. Jean Rouch alikuwa mhandisi wa Kifaransa wa barabara na madaraja, aliyepelekwa Niger wakati wa Vita Kuu ya Pili, akavutwa na watu wa huko kuliko barabara zake, akawa mwanaanthropolojia. Na katika safari ya mtumbwi ya mwaka 1946 na 1947, akiwa na kamera ndogo aliyoinunua mitumbani Paris, miguu mitatu ya kamera ilimpotea mtoni, akalazimika kupiga picha zote akiwa ameishika kamera mkononi, jambo ambalo mafundi wa sinema wa zama zile walilihesabu kuwa makosa na ambalo baadaye lilikuja kuwa madhehebu. Mwaka 1951 aliwafuata Wasorko, wavuvi wa mto ule, katika uwindaji wa viboko kwa vyusa, akatengeneza filamu juu yake. Na miaka michache baadaye akafanya jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakuona haja yake: aliichukua filamu iliyokamilika, akarudi nayo Ayorou, kijiji kile cha wavuvi, akatundika shuka, na akawaonyesha waliomo ndani yake.

Walioitazama walikuwa hawajapata kuona sinema, lakini haikuwachukua muda kuifahamu lugha yake. Waliwaona watu waliokuwa wamekwisha kufariki, wakalia. Wakaomba irudiwe, ikarudiwa, wakaomba tena. Na walipokwisha kuizoea wakaanza kuikosoa, kama mabingwa wa kazi wanavyomkosoa mwanagenzi. Neno lao kubwa lilikuwa juu ya muziki. Rouch, kwa kutaka kuitia mori sehemu ya mawindo, alikuwa ameweka juu yake nyimbo ya wawindaji, naye alifikiri kwamba amefanya vema kwa kuwa nyimbo ile ilikuwa yao wenyewe na ya kuwinda kwelikweli. Wasorko wakamwambia aiondoe, kwa sababu kiboko ana masikio makali ndani ya maji, na mwindaji anayetaka kumpata hunyamaza kimya. Kwa muziki ule kiboko angekimbia. Rouch akaiondoa. Na jioni ileile, kwa kadiri alivyokuwa akisimulia mwenyewe maisha yake yote, alijifunza juu ya mawindo na juu ya watu wale mambo ambayo miezi ya kuuliza maswali haikumpatia, kwa kuwa sasa palikuwa na kitu mbele yao wote kinachoweza kuoneshwa kwa kidole, na anayekionyesha kwa kidole alikuwa ni mwenyeji.

Nimekaa sana juu ya Ayorou kwa sababu naona kwamba hapo ndipo picha zinazokwenda zilipoanza kuwa njia ya utafiti kwa maana kamili. Kabla ya hapo zilikuwa njia ya kuhifadhi, na kuhifadhi ni kazi njema, lakini kitu kilichohifadhiwa hakisemi. Rouch aliuita mwendo huo anthropolojia ya kushirikiana, akaufuata katika filamu zake nyingine pamoja na rafiki zake wa Niger, Damouré Zika na Lam Ibrahima Dia, ambao walikuwa wachezaji, mafundi na washauri kwa pamoja. Na mwaka 1960 akaugeuzia Paris yenyewe, pale yeye na mwanasosholojia Edgar Morin walipowauliza watu wa mji ule kama wana furaha, wakawapiga picha wakijibu, na kisha wakawaita waitazame na kuijadili, na majadiliano hayo nayo yakatiwa katika filamu. Hilo la mwisho liliwezekana kwa kuwa zilikuwa zimetokea kamera nyepesi na mitambo ya sauti ya kubebeka, ambayo iliweza kwenda sambamba na picha. Sasa ilikuwa rahisi kwa watafiti kumchukua mtu akisema maneno yake mwenyewe mahali pake mwenyewe.

Faida ya mabadiliko hayo ilionekana upesi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1968 David na Judith MacDougall walikwenda kwa Wajie, wafugaji wa Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, na filamu waliyoitoa mwaka 1972 juu ya maisha ya watu wale na mifugo yao ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuyaacha mazungumzo ya kawaida ya Waafrika yasikike kwa lugha yao, huku tafsiri ikiandikwa chini ya picha. Asiyejua desturi ya filamu za kabla yake atayaona mabadiliko hayo kuwa madogo. Kabla yake, mfugaji alikuwa akifungua kinywa chake na sauti ikatoka ya Mzungu mmoja asiyeonekana, akieleza kwa utulivu jambo ambalo mfugaji yule huenda hakulisema; sasa mfugaji alisema juu ya njaa, juu ya kodi, juu ya ng'ombe waliopelekwa malisho ya mbali, na mtazamaji wa London akalazimika kuyasoma maneno yake mwenyewe.

Katika mwaka 1973 na 1974 walihamia kwa Waturkana wa Kenya, katika boma la mzee Lorang, na huko wakapata filamu tatu, mojawapo ikihusu ngamia na mifugo mingine ya mahari. Binti wa Lorang aitwaye Akai alikuwa akiposwa na Kongu, rafiki wa siku nyingi wa baba yake, na kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa katika dhiki ambayo msomaji wa pwani ataifahamu bila ya kuelezwa: ukidai mifugo mingi unamvunjia rafiki heshima, ukidai michache unajidhalilisha mbele ya ndugu zako waliokuja kutazama. Watu wanakaa chini ya mti, wanahesabu, wanasusa, wanarudi. Na watafiti hawakujificha, bali waliuliza maswali yao ndani ya filamu na wakaonekana wakijibiwa, na kujibiwa kwenyewe mara nyingine kulikuwa kwa mkato, ikajulikana kwamba si kila swali la mgeni lina haki ya kupewa jawabu. Picha ile haitupi kanuni ya mahari ya Kiturkana. Inatupa kitu ambacho orodha ya dodoso haiwezi kukitoa, nacho ni jinsi kanuni inavyosumbuliwa na wanaoifuata.

Katika miongo hiyohiyo, upande mwingine wa taaluma ulikuwa ukiichukua picha kwa njia iliyo kinyume kabisa, ukikata vipande vidogo na kuvitazama kwa makini yasiyo na kifani. Kuanzia mwaka 1955 huko Palo Alto, California, jopo la wanaisimu, matabibu wa akili na wanaanthropolojia, Bateson akiwemo tena, walichukua filamu ya mazungumzo ya mwanamke mmoja nyumbani kwake, wakaichambua neno kwa neno, pumzi kwa pumzi na kope kwa kope, na Ray Birdwhistell akatumia juhudi kubwa juu ya kisehemu cha sekunde 18 tu, cha kuwashiana sigara. Kazi hiyo haikupata kuchapishwa kuwa kitabu, ikaishia katika mikrofilamu za maktaba ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971. Lakini ilizaa wanafunzi na fikra, na Sony ilipotoa mwaka 1967 mtambo wa video wa kubebwa begani, ambao haukuhitaji kupeleka filamu kwa fundi na kuingoja kwa wiki au miezi, kwani utepe wake uliweza kurudishwa na kutazamwa bila ya kusafishwa, fikra zile zikapata chombo chake. Charles Goodwin, akiwapiga video Wamarekani wakila na kuzungumza, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba msemaji anayeona kuwa anayemsemesha hamtazami hulikatiza neno lake na kulianza upya mpaka apate macho yake. Kusita ambako wanaisimu walikuwa wamekuhesabu kuwa upungufu wa msemaji kukawa ni ustadi wake, na hilo lisingejulikana kwa kanda ya sauti peke yake.

Ni Goodwin huyohuyo aliyeandika, mwaka 1994, juu ya hatari ya ustadi huu. Tarehe 3 Machi 1991 mtu mmoja wa Los Angeles alipiga video kutoka nyumbani kwake, akawanasa askari polisi wakimpiga kwa virungu Rodney King, mtu mweusi aliyelala chini, na ulimwengu mzima ukaiona picha ile na kudhani kwamba shauri limekwisha. Mahakamani, watetezi wa askari hawakuikana picha. Waliipunguza mwendo, wakaisimamisha kipande kwa kipande, wakaleta mjuzi wa kazi ya polisi akalipa kila tendo jina la kitaalamu, hata kuinuka kidogo kwa mwili wa mtu anayepigwa kukaitwa dalili ya kutaka kushambulia; na mwaka 1992, katika kesi ile ya kwanza, askari wanne wakaachiliwa karibu katika mashitaka yote. Njia iliyotumika ndiyo ileile ya watafiti: kukata, kurudia, kupa majina. Asiyepewa nafasi ya kuyataja majina yale alikuwa ni aliyelala chini, kwani Rodney King hakuitwa kutoa ushahidi katika kesi hiyo.

Kwa hiyo sishangai kwamba kazi ninazoziona kuwa bora katika zama za video ni zile zilizoifuata njia ya Ayorou. Bali ilirudi tena katika habari hizi: mwaka 1978 Timothy Asch, pamoja na Linda Connor na Patsy Asch, walimpiga picha mganga wa kike Jero Tapakan akiwa amepandwa na mizimu, akizungumza na watu waliofiwa na mtoto wao, na mwaka 1980 walirudi na video wakakaa naye mbele ya kioo cha televisheni atazame. Alikuwa hajapata kujiona. Alitazama kitendo ambacho mwenyewe alikifanya akiwa hayumo katika hali yake ya kawaida, akaeleza anavyohisi mzimu unapokuja na unapoondoka, akatengua baadhi ya mambo ambayo watafiti walidhani wameyaelewa, na mtafiti Connor, aliyekaa kando yake, anaonekana akijifunza. Joseph Tobin na wenzake, David Wu na Dana Davidson, katika kitabu chao cha mwaka 1989 juu ya shule za watoto wadogo za Japani, Uchina na Marekani, wakaufanya mwendo huo kuwa utaratibu kamili: siku moja ya shule hupigwa video, ikafupishwa, ikaonyeshwa kwanza kwa mwalimu mwenyewe, kisha kwa walimu wengine wa nchi yake, kisha kwa walimu wa nchi zile nyingine. Wamarekani walipomwona mwalimu wa Kijapani akimwacha mtoto mtundu awasumbue wenzake bila ya kumwingilia, walidhani ni uzembe. Walimu wa Japani wakaeleza kwamba mwalimu akiingilia kila ugomvi huwanyang'anya watoto nafasi ya kujifunza kuishi pamoja. Video, katika utaratibu huo, haihesabiwi kuwa jawabu la utafiti. Ni swali linalopelekwa kwa watu wanaostahiki kulijibu.

Siku hizi kamera imo mfukoni mwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu, na gharama iliyowafanya Mead na Bateson wasimame kushauriana haipo tena. Kijana anaweza kurudi kutoka kijijini na masaa ya picha katika simu, na hakuna fundi wala ghala la filamu la kumzuia. Anayetaka kufanya utafiti huomba kibali, kwa COSTECH Tanzania au kwa NACOSTI Kenya, na waliomo katika utafiti hutia sahihi karatasi ya ridhaa. Taratibu hizo ni za lazima. Lakini ziliundwa kwa zama za daftari, ambamo jina la mtu huweza kubadilishwa na siri yake ikasitirika. Uso haubadilishwi, na sauti ya mtu hujulikana na jirani zake hata katika giza. Ridhaa aliyoitoa mama mmoja asubuhi moja, mbele ya mgeni mwenye adabu na barua ya serikali ya mtaa, si ridhaa ya picha yake kuonyeshwa darasani miaka 20 baadaye, seuze kutupwa katika mtandao ambako mtoto wake ataikuta.

Nawaomba basi vijana wetu wanaokwenda kutafiti, Pemba au Lamu, Kigoma au Lodwar, wasiondoke mahali na picha ambazo wenyewe hawajaziona. Watenge siku, watundike shuka kama Rouch au wainue simu zao tu, wawaonyeshe waliowapiga, na wayaandike wanayoambiwa kwa uangalifu uleule walioutumia katika kupiga, hata kama wanayoambiwa yanaubomoa utafiti wao. Na wewe msomaji, akija mtu kwako na kamera kwa jina la elimu, mkaribishe, mpe kiti na maji, lakini kabla hujaweka sahihi yako muulize atarudi lini kukuonyesha, picha zitawekwa wapi, na ni nani mwenye ufunguo.